Mmenunua Mtambo, Mmemkana Fundi

Nasema na ninyi mnaosaini. Ninyi wakurugenzi, makatibu wakuu, wajumbe wa bodi za zabuni, waganga wafawidhi, wenye viwanda, na ninyi wafadhili mnaokuja na makontena ya misaada. Kila mtambo unaposhushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa mnaandaa mahema na matarumbeta. Mnakata utepe. Mnataja bei ya mtambo mbele ya wananchi kana kwamba bei ndiyo kazi. Nyuma ya hema amesimama mtu mwenye ovaroli, yule ambaye mtambo ukizimika usiku ndiye atakayegongewa mlango, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza neno tangu siku mlipoanza kuandika zabuni. Hamkumwonyesha mchoro. Kitabu cha maelekezo mmekifungia kabatini kwa mkuu wa idara, tena kimeandikwa kwa lugha ambayo hapo ofisini hakuna anayeisoma. Mtu huyo ana mvi, nanyi bado mnamwita "kijana".

Hilo ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya watoto wenu. Sitalipunguza makali.

Mtambo wowote unaotoka ng'ambo huja na madai yake. Unadai mtu wa kuusoma, mtu wa kuurekebisha ukipotoka, mtu wa kujua sauti yake inapobadilika kabla haujavunjika. Wanaoutengeneza kule waliuunda kwa kuwatazama watu wao wenyewe: nchi ambako mikono ni ghali na wataalamu ni wengi, kwa hiyo wakaunda chuma kinachopunguza mikono na kuongeza kazi ya wataalamu. Mwaka 2001 wachumi Daron Acemoglu na Fabrizio Zilibotti walilieleza jambo hili kwa hesabu zao: teknolojia inayobuniwa katika nchi tajiri hubuniwa kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi hizo, na ikihamishiwa mahali ambako wafanyakazi wa aina hiyo ni wachache, mashine ileile huzaa kidogo. Waliyoandika hao, fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, angewaambia bure kama mngeketi naye.

Basi mtambo ukifika kwetu hupiga mara mbili. Pigo la kwanza huwaangukia wengi wenye mikono mitupu. Huko Kericho, Kenya, Mei 2023, watu waliokuwa wakichuma chai kwa vidole vyao walivamia mashamba na kuchoma moto mashine za kuchumia. Kikosi kazi cha kaunti kilikuwa kimesema kwamba katika muda wa miaka kumi ajira zipatazo 30,000 zimepotea kwa sababu ya mashine hizo. Kuchoma mashine ni kosa na damu iliyomwagika katika vurugu zile haina fidia. Lakini niambieni, katika miaka yote hiyo kumi ni wachumaji wangapi walioketishwa darasani wakafundishwa kuiendesha ile mashine, kunoa visu vyake, kufungua injini yake? Mashine iliingia shambani ikitafuta fundi. Mchumaji alikuwa amesimama palepale, anaijua chai kuliko mtu yeyote aliyeiunda ile mashine, na hakuna aliyewakutanisha.

Pigo la pili halionekani, na kwa hiyo mnalidharau. Mtambo unapandisha thamani ya anayejua. Thamani hiyo ni fedha halisi, ni mishahara, ni nyumba za kujenga na ada za kulipa. Na ninyi fedha hiyo mnaipeleka kwa ndege. Mtaalamu anatoka Ulaya au Asia, analipiwa hoteli, gari na posho ya siku, anafungua kifuniko, anabadilisha kidude kimoja, anafunga, anaondoka. Fundi wenu ameshika tochi. Kazi aliyopewa na ninyi ni kumulika.

Nendeni Mtwara mkaone jambo hili lilivyokwisha kutokea, maana hamna udhuru wa kusema hamkuonywa.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na karibu zote zilikuwa zikienda India zikiwa ghafi. Huko India akina mama wa Kerala walikuwa wakizibangua kwa mkono, punje kwa punje, na faida ya kubangua ikabaki kwao. Viongozi wetu waliona hasara hiyo, na waliiona sawasawa. Wakakopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, wakanunua mitambo ya kubangulia kutoka Italia na Japani, wakajenga viwanda 12: Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea, Tunduru, Kibaha na Dar es Salaam. Viwanda vikubwa, vya kisasa, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Kilichofuata mnakijua ninyi mliozaliwa kusini. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ya kumkatisha tamaa. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno yote ya nchi hayakufika hata tani 20,000. Viwanda vingine vilifanya kazi kidogo vikanyamaza, vingine havikufunguliwa kamwe, na baadaye vingi vikageuka kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Sitasema kwamba mafundi peke yao wangeviokoa viwanda visivyo na korosho. Nasema jambo jingine. Mitambo ile iliagizwa ikiwa imekamilika, kubwa kuliko tulivyohitaji, ikivunja punje ambazo mkono wa mwanamke ungezitoa nzima, na vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Hakuna karakana iliyokua pembeni yake. Hakuna kizazi cha mafundi wa kubangua kilichozaliwa Newala. Deni lilibaki, ujuzi haukubaki.

Tazameni sasa Vietnam, nchi iliyotoka vitani mwaka 1975 ikiwa majivu. Walianza kubangua kwa vifaa vidogo vya kusukuma kwa mkono na mguu, vilivyotengenezwa na mafundi wao kwenye karakana zao. Kifaa kikivunjika kilitengenezwa mtaa huohuo. Fundi alimsikiliza mbanguaji, akakipinda chuma upya, akakijaribu kesho yake asubuhi. Hatua kwa hatua wakafika kwenye mashine zinazobangua zenyewe. Mwaka 2006 Vietnam ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa korosho zilizobanguliwa, na hadi leo hununua korosho ghafi kutoka Afrika, za Mtwara zikiwemo, ili kulisha viwanda vyake. Na mashine zao sasa wanatuuzia sisi. Mwenye korosho ananunua mashine ya korosho kwa aliyejifunza kubangua baada yake! Hili halikuumizi, wewe unayeketi kwenye kiti cha kuamua? Mimi linaniuma kama jeraha.

Wala si korosho peke yake. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kivishe Watanzania na kiuze Ulaya. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kuta zilikuwa za bati la alumini, bila njia za kupitishia hewa, katika mji wenye joto kama Morogoro. Mshona viatu yeyote wa mjini pale angewaambia kwamba hapo ndani mtu atachemka. Nani alimuuliza?

Njooni hospitalini, maana huko gharama ni roho za watu.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya hesabu za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 maskini. Asilimia 38.3 vilikuwa havifanyi kazi. Karibu vinne katika kila kumi! Sababu zilizotajwa zilikuwa za kawaida mno: watu hawakufundishwa, hakukuwa na utaratibu wa kuvitunza, umeme na maji havikuwa vya kuaminika. Si kwamba chuma kilikuwa kibovu. Chuma kilikuwa kizima, binadamu wake ndiye hakuandaliwa.

Kenya mwaka 2015 ilikodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98 kote nchini, mbili katika kila kaunti, ili mwananchi wa Wajir au Turkana asisafiri hadi Nairobi kusafishwa damu figo zinapokufa. Nia hiyo ilikuwa ya huruma na siitukani. Lakini ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na baadaye uchunguzi wa Seneti zilieleza habari za mashine zilizokaa bila kutumika: hapa hakuna mtaalamu wa mionzi, pale hakuna wauguzi wa figo, kwingine umeme hautoshi au maji hayajaunganishwa. Matengenezo yalikuwa mikononi mwa waliokodisha. Kaunti ililipia mashine ikiwa imelala. Mgonjwa alilala nje.

Na hata pale mashine inapofanya kazi, angalieni mkataba. Mashine za sasa zinafungwa kwa neno la siri. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali ya mkoa, msomi kabisa, mwenye vipimo vyake mezani, hawezi kuingia ndani ya programu ya mashine ili aone inalalamika nini, kwa sababu kampuni iliyoiuza haijampa ruhusa, na haijampa kwa sababu ninyi hamkuidai mlipokuwa na uwezo wa kudai, yaani kabla ya kulipa. Baada ya kulipa mnakuwa ombaomba. Mtu wa kampuni atakuja akipata nafasi. Mama mwenye uvimbe tumboni anaambiwa arudi mwezi ujao, kipimo kimeharibika. Mwezi ujao anaambiwa vilevile. Mnajua kinachofuata, msijifanye hamjui.

Sasa nafikia jambo ambalo limenikalia moyoni muda mrefu kuliko mengine, na hapa sitakuwa na upole.

Mikataba mingi ya mitambo huwa na kifungu cha mafunzo. Mwuzaji anakubali kuwapokea watu kadhaa kiwandani kwake, wiki mbili au mwezi, waone mtambo unavyounganishwa, wafundishwe kuufungua na kuufunga, waujue ungali na mafuta ya kiwandani. Nafasi hizo ni za fundi. Zimelipiwa na kodi ya wauza mchicha kwa ajili ya fundi. Na tunajua sote anayepanda ndege ni nani. Anapanda mkurugenzi. Anapanda mhasibu. Anapanda mjumbe wa bodi ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake, na mpwa wa mjumbe wa bodi. Wanapiga picha mbele ya kiwanda, wananunua zawadi, wanarudi na vyeti. Cheti kinatundikwa ukutani. Mtambo unafika baada ya miezi sita na fundi anauona kwa mara ya kwanza siku ileile ambayo waandishi wa habari wanauona.

Ole wako wewe uliyekalia kiti hicho cha ndege! Hukuiba fedha peke yake, fedha hurudishwa. Umeiba mikono ya mtu. Umemnyima ujuzi ambao angeutumia miaka thelathini, angewafundisha wenzake watano, nao wangewafundisha wengine. Kwa posho ya siku kumi na nne umekata mnyororo ambao hata ukifukuzwa kazi kesho hauungiki. Mashine ikisimama utasema wafanyakazi wetu hawana uwezo, utaandika dokezo la kuomba mtaalamu wa nje, na huyo mtaalamu wa nje atalipwa kwa mwezi zaidi ya anavyolipwa fundi wako kwa mwaka. Uwezo walikuwa nao. Ulipanda nao ndege wewe.

Nanyi msiniambie kwamba ndivyo mambo yalivyo duniani, kwamba nchi changa haina budi. Mwaka 1872 Japani ilikuwa nchi ya wakulima. Ilifungua kiwanda cha hariri mahali paitwapo Tomioka, kwa mitambo ya Kifaransa, chini ya Mfaransa aitwaye Paul Brunat aliyekuja na mafundi wake, wanawake wa Kifaransa wakiwemo. Lakini Wajapani walikusudia tangu mwanzo kwamba kile kiwanda kiwe chuo. Wasichana waliitwa kutoka mikoani, wakajifunza kusokota uzi kwa mtambo, kisha wakarudishwa makwao kufundisha. Mmoja wao, Yokota Ei, binti wa mji wa Matsushiro, alirudi nyumbani mwaka 1874 akawa mwalimu katika kiwanda kipya cha Rokkosha, na uzeeni aliandika kumbukumbu za maisha hayo. Mafundi wa mikoani nao hawakungoja kununua mitambo mingine Ufaransa. Waliiga ile waliyoiona, penye chuma wakatia mbao, wakapata mtambo hafifu zaidi, wa bei ndogo, unaotengenezeka kijijini. Kwa mlango huo Japani iliingia katika viwanda. Mtambo mmoja wa kigeni, na mamia ya watu waliotumwa makusudi kuunyonya ujuzi wake wote.

Na kwetu pia tuliwahi kujua. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, na huko Mpika, Zambia, pakawekwa chuo cha kufundishia watu wa reli. Mafundi wa Kichina na wa kwetu walifanya kazi bega kwa bega kwenye udongo uleule. Reli hiyo imepata taabu nyingi tangu wakati ule, na taabu zake zina sababu zake. Lakini wazee waliofundishwa wakati ule walifungua injini za treni kwa mikono yao, wakazifunga, zikatembea. Hawakumulika tochi. Tulikuwa maskini kuliko sasa na tulijua kwamba reli bila watu wa reli ni sawa na kununua jahazi ukamwacha nahodha ufukweni.

Nani alitusahaulisha? Tuliunda SIDO mwaka 1973, TIRDO mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980, CAMARTEC mwaka 1981, vyombo vya kubuni na kutengeneza mashine zinazotufaa. TEMDO pale Arusha wanatengeneza matanuru ya kuteketezea taka za hospitali. Ni hospitali ngapi za serikali zimeagiza kitu cha namna hiyo ng'ambo bila hata kupiga simu Arusha? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ninyi mcheza kwao mmemwacha acheze hadi akaanguka, mkamtunza mgeni.

Wazazi, msijifiche nyuma ya wakubwa. Mnao mchango wenu.

Mtoto akifeli mnasema, basi aende ufundi. Mnalisema mbele yake. Akifaulu fizikia mnamwambia awe mwanasheria. Chuo cha ufundi mmekifanya jaa la kutupia watoto mliowakatia tamaa, kisha mnashangaa gari lenu likiharibiwa gereji. Wahandisi wetu wamekuwa wakitukumbusha miaka mingi kwamba kila mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25, la sivyo kazi yake inabaki kwenye karatasi. Sisi tunazidi kutoa shahada na kupunguza mikono. Mhandisi anakaa ofisini bila fundi, fundi anakaa mtaani bila cheti, mtambo unakaa katikati yao bila mtu. Gari la leo linaendeshwa na kompyuta. Fundi asiyejua hisabati na asiyesoma mchoro wa umeme atabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa fedha yako hadi abahatishe. Kazi ya spana sasa inataka mtoto mwenye akili kali kabisa, yule uliyemwekea akiba ya chuo kikuu. Mpe ufundi huyohuyo.

Na serikali inayojenga jengo la chuo cha ufundi ikaliacha na mashine ya kukereza vyuma iliyozeeka kuliko mwalimu, inawadanganya watoto wa watu. Kijana anatahiniwa kwa mashine ambayo hatakutana nayo tena maishani, na siku anaomba kazi kwenye kiwanda chenye mashine za kompyuta anaambiwa hana uzoefu. Kila mtambo unaoingia nchini kwa fedha ya umma ungeweza kuambatana na mdogo wake, mmoja tu, wa kuvunjwa na kuundwa upya na wanafunzi. Bei yake ni sehemu ndogo ya manunuzi. Mngeiona ndogo zaidi mkiiweka karibu na bajeti ya sherehe za uzinduzi.

Mtanijibu hakuna bajeti. Jibu hilo nimelisikia katika kila kikao nilichowahi kuhudhuria juu ya jambo hili, na kila mara linatoka kwa mtu ambaye safari yake ilipata bajeti. Fedha ya kumleta mtaalamu kutoka Ujerumani au China mashine inaposimama ipo, huwa inapatikana kwa dharura, bila mjadala. Fedha ya vipuri vya bei ya kupangiwa ipo. Fedha ya kununua mtambo mpya baada ya ule wa kwanza kufa kabla ya umri wake ipo pia. Inayokosekana ni ile ndogo, ya mapema, ya kumtuma fundi mmoja akajifunze. Huko si kukosa fedha. Ni kumdharau mtu kwa sababu nguo zake zina grisi.

Nanyi mafundi, ndugu zangu, niliowatetea tangu mwanzo, simameni nanyi msikie. Wako miongoni mwenu wanaofunga mlango wanapofikia sehemu ngumu ya kazi. Kijana anayeshika spana ameosha vifaa miaka minne, amenunua chai, amesukuma magari, na siku ya kufungua gia boksi anatumwa akalete maji. Mnaogopa atawachukulia mteja. Mkubwa aliyemnyima fundi nafasi ya ndege na fundi anayemtuma mwanafunzi maji ni watu wa moyo mmoja, tofauti ni cheo. Mzee anakufa na ujuzi wake, na mtaa mzima unarudi kuanza alifu.

Wakati wa kutubu ni sasa hivi, maana mzigo unaofuata umeshafika. Pikipiki za umeme zinaingia Nairobi, Kampala, Dar es Salaam. Rwanda ilikwisha kutangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zitakazosajiliwa ni za umeme tu. Chini ya kila mwembe wa barabarani Afrika Mashariki yupo fundi wa bodaboda, ana sanduku la spana, plagi na kabureta za zamani zimetandazwa kwenye gunia. Pikipiki inayokuja haina kabureta. Haina plagi. Ina betri iliyofungwa kwa programu, na mota inayoongozwa na kibao cha saketi ambacho kampuni haitaki kifunguliwe na mtu wa nje.

Ninyi mnaotoa vibali na misamaha ya kodi kwa kampuni hizo, leo bado mnayo kalamu. Andikeni ndani ya kibali kwamba kampuni isiyofundisha mafundi wa barabarani haipati msamaha. Andikeni kwamba michoro ya umeme na namna ya kupima betri itolewe kwa Kiswahili na ikabidhiwe vyuo vya ufundi kabla pikipiki ya kwanza haijatoka bandarini. Andikeni idadi ya mafundi kwa kila wilaya, na mwaka wa pili mkawahesabu wenyewe mkiwa mmesimama chini ya miembe hiyo, mkimtaka kila mmoja afungue ile betri mbele yenu. Majina ya watakaokwenda kiwandani kujifunza yaandikwe na mafundi wenyewe, na jina la mkurugenzi lisiwemo.